Pembe ya Kushoto ya Askofu

2 Februari

Paroko amebariki mishumaa leo. Wangu nimeurudisha nyumbani ukiwaka, nimeukinga kwa kiganja njia nzima, na haukuzimika. Mwaka ukianza hivyo sina la kulalamikia, isipokuwa watu.

Mlangoni mwa kanisa Bogna wa dukani aliniuliza kama safari hii nitapanda mlimani mapema kutafuta pembe walizoangusha kulungu. Nikamjibu ninavyomjibu kila mwaka: siku ya Yosefu, tarehe kumi na tisa Machi. Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama viatu vyake. Wanaona nimezeeka. Nina miaka hamsini na saba, na mwaka jana nilishusha kilo mia na arobaini za pembe, peke yangu, mgongoni. Anayetaka kuzeeka namna hiyo namkaribisha.

4 Februari

Vishikio vya visu arobaini. Vumbi la pembe linanuka kama jino linalotobolewa. Nimelizoea.

7 Februari

Theluji usiku kucha. Barabarani magotini, porini kiunoni.

Askofu yu hai. Nimemwona kwa darubini kutoka kilimani nyuma ya karakana, akitoka kwenye misonobari michanga ya Korongo la Wilcza kuota jua. Tulimwita Askofu kwa mwendo wake: hata mbwa mwitu wakilia karibu, kulungu huyu anatembea kama yuko kwenye maandamano ya Ekaristi. Paroko halipendi jina hilo, lakini paroko hajamwona. Pembe yake ya kushoto ina ncha moja iliyopinda kwenda nyuma, kama kidole kinachomwita mtu. Pembe zake hazichanganywi na za dume mwingine hata na kipofu.

Ukutani nina jozi zake tisa, miaka tisa mfululizo, kila moja nzito kuliko iliyoitangulia. Ya kwanza aliiokota marehemu mume wangu Wit, ncha nane tu, nyembamba kama mpini wa kijiko. Nane zilizofuata nimeokota mimi. Wit alikuwa akisema kulungu ana adabu kumshinda binadamu: kila baridi ikielekea mwisho anavua taji lake bila kusukumwa na mtu, kisha anaotesha jingine. Jozi ya kumi bado iko kichwani mwake. Naitaka, na nitaipata.

10 Februari

Ksawery, mtoto wa Bosak, amerudi kutoka Ujerumani na pikipiki ya theluji, na rafiki zake wawili wa mjini. Wamepita mbele ya karakana mara nne, kwa mwendo wa watu wanaotaka kuangaliwa.

Mwaka jana alikuwa na mbwa tu, na mbwa hao walimkimbiza dume mmoja ili adondoshe pembe, kuteremka mlima wa Magura, mpaka akajirusha kwenye waya wa shamba la miche. Mguu ukavunjika. Bwana misitu akaja kummalizia kwa risasi. Pembe zilikuwa bado kichwani, na pembe za kichwani ni mali ya idara ya misitu, kwa hiyo mnyama amekufa na wao hawakupata hata ncha ya kutobolea mkanda. Mtu asiyejua kuipigia hesabu hata hasara yake mwenyewe, huyo ndiye sasa ana injini.

Sheria yetu huku si ya huruma, ni ya akili. Korongo la Wilcza halikanyagwi kabla ya Yosefu. Madume wazee wanapitisha baridi pale kwa sababu jua linafika na upepo haufiki. Dume asiyesumbuliwa anaangusha pembe zake mbili mahali pamoja, siku hiyo hiyo au siku chache baadaye, na jozi ni jozi. Anayekimbizwa kwenye theluji ya kiunoni, pembe zikiwa zimelegea, anadondosha moja huku na nyingine ng'ambo ya mlima. Akiwa mzee kama Askofu, moyo unapasuka.

12 Februari

Alhamisi ya Mafuta, ya mwisho kabla ya Kwaresima. Nimekula maandazi ya jamu manne na sijutii hata moja.

13 Februari

Nimekwenda kwa bwana misitu, Gerwazy. Amenipa chai, amenipa na pole. Hekta elfu kumi na moja, macho mawili, gari moja lisilowaka asubuhi za baridi. Sheria ya serikali ipo, kumbughudhi mnyama kuna faini, lakini lazima awakute wakiwa kwenye kitendo. Niletee picha, akasema. Nikamwambia siku nitakayoweza kukimbia sambamba na pikipiki nitampiga na yeye picha moja nzuri.

Chai ilikuwa nyepesi.

15 Februari

Ksawery na wenzake wamepata wa kuwaongoza. Na si mwingine, ni shemeji yangu Ludomir.

Niandike mara moja nisilirudie. Wit alipoangukiwa na gogo, siku ya matanga, mezani, supu ikiwa bado ya moto, Ludomir aliwaambia watu kwamba mwanamke hamalizi baridi moja kule juu. Kisha akachukua wanaume wote tuliokuwa tukipanda nao, wakawa kundi lake, nikabaki na mkoba wa Wit na deni la karakana ambayo haikuwa na paa. Leo paa lipo, jiliwa za kubania pembe zipo tatu, vifungo vyangu vya pembe vinashonwa kwenye makoti ya watu nisiowajua. Baridi nane. Hajawahi kukanyaga kizingiti changu, nami sijamwita.

Ndiye mtu pekee katika bonde hili anayejua pembe kunizidi. Na sasa amekalia kiti cha nyuma cha pikipiki, kamshika Ksawery kiunoni kama bibi harusi.

18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Gundi imekataa kukauka.

21 Februari

Dukani, watu saba kwenye foleni ya mkate. Ksawery kaingia na pembe mbili za dume kijana, si jozi, moja ya huyu na moja ya yule, akaziweka juu ya kaunta kama mtu aliyeshinda vita. Nilizipima kwa jicho: kilo mbili na nusu zote pamoja. Kwa petroli aliyochoma, angenunua nyingi zaidi ya hizo na akarudi kulala.

Akaniona.

"Bi Zenobia, Jumamosi ijayo tunaingia Wilcza kumvua Askofu kofia. Nikuletee picha uipachike pale ukutani kwako?"

Nikasema siku ya Yosefu haijafika.

"Siku ya Yosefu utakuta mavi tu, mama. Ila nayo ni kumbukumbu."

Wote walicheka, na Bogna alicheka huku akinipa chenji. Ludomir alikuwa amesimama karibu na magunia ya shayiri. Yeye hakucheka, lakini hakusema neno, na kwangu ni yale yale.

23 Februari

Nimekaa mbele ya ukuta mpaka chai ikapoa.

Hesabu yangu ni hii. Siwezi kuizuia pikipiki. Siwezi kumhamisha Askofu. Kinachoweza kuhamishwa ni wanachokiamini. Na katika bonde hili watu wanaweza kubishana juu ya Mungu na juu ya serikali, lakini kuna jambo moja hakuna anayelibishia: ukiokota pembe ya upande mmoja, ya upande wa pili haiko mbali. Nimeona watu wazima wakichimba theluji kwa mikono wiki nzima kwa imani hiyo. Mimi mwenyewe nimechimba.

Kwa hiyo pembe ya kushoto ya Askofu ikiokotwa mlima wa Magura, ng'ambo ya pili ya bonde, hakuna atakayekumbuka kwamba Wilcza ipo.

Inatakiwa pembe ya kushoto ya Askofu. Ninazo tisa.

24 Februari

Inayofaa ni moja tu, ya mwaka jana. Za nyuma zaidi ni ndogo, Ludomir angecheka tangu mlangoni. Kilo nne na gramu mia sita, ncha saba, kidole kile kikiita. Nilipoishusha msumari ulibaki ukutani peke yake, na nimejikuta nimeufunika kwa kitambaa kama mtu anavyofunika kioo penye msiba. Upuuzi. Nimekiondoa.

Pembe iliyokaa ndani ina makosa matatu. Ni kavu, kitako chake ni cheupe, na inanuka moshi. Nimeisugua kwa majivu, nimeifunga kamba na kuizamisha kijitoni chini ya barafu, inywe maji na irudi kwenye ubaridi wake. Kitako kinataka damu, kama cha pembe iliyoanguka leo. Nimemchinja jogoo mwekundu, aliyekuwa akiniamsha kabla ya wakati, kwa hiyo naye nimemlipa. Ni Kwaresima, nyama iko kwenye friza mpaka Pasaka.

Moshi ndio sina hakika nao. Miaka yote hii jiko langu na pua yangu vimekuwa kitu kimoja.

25 Februari

Redio imesema theluji itaanza jioni. Nimetoka mapema, nimepita ndani ya kijito ili nisiache nyayo, maji yakaingia kwenye buti la kulia. Kwenye hori la nyasi kavu la Magura, ambako kulungu majike wanakuja kula na Ksawery hupita kila asubuhi kunusa, nimeilaza pembe hatua chache kutoka kwenye njia yao, kidole kikitazama juu. Nimeipaka damu pale pale. Kisha nimerudi nyumanyuma kama mwizi anayetoka chumbani kwa mtoto aliyelala.

Kidole gumba cha mguu sikisikii.

26 Februari

Theluji, kama walivyosema. Kidole gumba kimerudi. Kinauma, maana yake kipo.

27 Februari

Nilikuwa dukani tangu kabla ya mkate kufika. Nilijiambia nimefuata chumvi.

Pikipiki ilisimama nje kwa kishindo, na Ksawery akaingia ameibeba kifuani kwa mikono miwili, kama mtoto wa ubatizo. Kila aliyekuwa ndani aliona kile kidole, na mtu mmoja akavua kofia. Askofu, akasema Bogna, na akasogeza mikate kupisha nafasi.

Walianza kuishika. Baridi, wakasema. Nzito. Mmoja akagusa kitako na kidole chake kikatoka chekundu, akakionyesha wenzake. Nilijibanza kwenye rafu ya chumvi nikaona kwamba yote yanakwenda kama nilivyopanga, na wakati huo huo nikaona jinsi nilivyoipaka damu vibaya. Ilikuwa nyingi mno. Kulungu huacha matone machache na unyevu. Mimi nilipaka kama mtu anayechora mdomo. Wale vijana hawakuliona hilo. Ila Ksawery, pamoja na ujinga wake wote, si mtu wa kuamini furaha yake mwenyewe. Akageukia mlangoni akasema hakuna anayeigusa tena mpaka mzee Ludomir aione.

Ludomir alikuja polepole, anachechemea, akipangusa theluji kwenye masharubu. Alivua glavu. Aliichukua pembe akaipeleka dirishani. Akapitisha dole gumba kwenye kitako, mzunguko mzima, bila haraka. Akakwangua kwa ukucha. Kisha akainyanyua mpaka usoni, akafumba macho, akavuta pumzi.

Nilijua pale pale kwamba hila imeharibika. Alivuta tena. Hakunitazama, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu asiyejua kitu angetupa macho kwa kila aliyemo, na mimi nikiwemo.

"Imeanguka jana asubuhi," akasema Ludomir. "Kabla theluji haijakolea."

Mmoja wa vijana wa mjini akamuuliza kuhusu ya kulia. Ludomir akairudisha pembe kwenye kaunta, akavaa glavu moja, akatafuta ya pili mifukoni kote.

"Ya kulia itakwenda wapi? Chimbeni kuanzia horini kwenda juu. Msiruke hata kichaka."

Wakatoka wakigongana mlangoni. Nikamlipa Bogna chumvi, kilo tatu. Nyumbani ninazo sita.

28 Februari

Jumamosi. Jumamosi ile. Wilcza kimya kama kanisa siku ya kazi. Pikipiki inanguruma Magura.

Nimefikiri juu ya Ludomir. Ama pua imemwisha, ama anataka kunidai kitu. Hakuna cha tatu ninachokijua.

1 Machi

Magura.

3 Machi

Magura. Wameongeza koleo.

4 Machi

Magura. Bogna anasema wamegawa mlima vipande kwa kamba, kama shamba la urithi. Ksawery anachimba kuanzia alfajiri, na wale wa mjini wanafika mchana na chupa ya chai ya moto. Niseme ukweli: sikudhani yule mtoto ana mgongo wa namna hiyo.

Vifungo mia mbili na sitini, tayari.

8 Machi

Siku ya Wanawake. Ksawery amesimama mlangoni mwa duka na ndoo ya maua, anampa kila mwanamke moja, mikono imechubuka kwa koleo. Nami amenipa. Nikamuuliza Askofu hajambo. Akasema Askofu ana kichwa kigumu, lakini naye Ksawery ni mtoto wa Bosak. Ua nimeliweka kwenye chupa.

11 Machi

Asubuhi nimemwona Askofu kwa darubini. Ana pembe moja. Ya kulia imeondoka, kichwa kimeelemea upande mmoja kama mtu aliyevaa kofia akiwa amelewa. Na iliyobaki ni ya kushoto, na kidole chake, ile ile ambayo kijiji kizima kimeishika kwenye kaunta ya mikate. Mtu yeyote akimwona leo, hila yangu imekufa, na Askofu pamoja nayo.

Siku nane hadi Yosefu.

13 Machi

Ksawery amesema dukani kwamba Magura imekwisha, hakuna kichaka ambacho hakijachimbwa, na pengine Askofu alidondosha ya kushoto akiwa njiani tu kuelekea Wilcza. Kesho waende wakaone. Bogna kanisimulia huku akinipimia sukari, na mimi nikawa nahesabu punje.

Halafu, anasema Bogna, Ludomir akakohoa. Akasema yeye ameona mavi ya dume mkubwa juu kabisa, kwenye kigongo cha Magura, chini ya miamba, ambako pikipiki haifiki. Waende, kama wana miguu. Ksawery akamjibu kwamba miguu anayo.

Ludomir na goti lake lile bovu hajafika kwenye kigongo cha Magura tangu Wit akiwa hai.

14 Machi

Upepo wa kusini. Paa linadondosha maji.

16 Machi

Theluji imekuwa uji. Pikipiki imezama hadi usukani ikijaribu kupanda kwenye miamba ya Magura, na imewachukua siku nzima kuitoa kwa farasi wa paroko. Wale wa mjini wamepanda basi la jioni kurudi kwao.

Siku ya tatu sijamwona Askofu.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Nimetoka kukipambazuka. Mkate, kipande cha mafuta ya nguruwe yenye chumvi, chai, kamba, mkoba wa Wit. Nilipofika kwenye mti uliopigwa na radi, mpaka wa Wilcza, Ludomir alikuwa amekaa kwenye kisiki, fimbo magotini.

Nikampita. Akanifuata. Nikatembea, akatembea, nikimsikia anavyokokota goti, mpaka nikachoka kusikia.

Nikamwuliza bila kugeuka kwa nini siku ile dukani alisema pembe imeanguka jana yake asubuhi.

"Ulitaka niseme nini, shemeji?"

"Ulichokinusa."

"Nilinusa moshi wa mwaloni na nta ya nyuki. Wangeniuliza nimejuaje harufu ya karakana yako, wakati sijakanyaga pale miaka minane."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye theluji iliyooza, anahema, masharubu yamelowa. Nikamwambia angeweza kutowaongoza tangu mwanzo, na ningebaki na pembe yangu na jogoo wangu. Akalifikiria hilo kwa haki, nikamwona akilifikiria.

"Nilitaka kupanda ile pikipiki," akasema. "Nina miaka sitini na tisa. Sijawahi kupanda mlima nikiwa nimekaa."

Sikucheka. Karibu nicheke. Kwa hiyo nikamtolea lile la matanga, lote, pamoja na supu. Kwamba alisema mwanamke hamalizi baridi moja.

"Nilisema moja," akasema Ludomir. "Hesabu haikuwa somo langu."

Tukaendelea. Huo haukuwa msamaha, na hakuomba. Nilimpa mkate kwa sababu alikuwa hakubeba kitu, na kwa sababu akizirai ningembeba mimi.

Pembe ya kulia niliipata mapema, ukingoni mwa misonobari michanga, imechomeka matopeni kwa ncha zake. Kilo tano kasoro kidogo, nitapima vizuri nyumbani. Kitako kilikuwa na matone machache yaliyokauka, hudhurungi, hakuna zaidi. Niliyatazama sana. Ndivyo inavyotakiwa kupakwa.

Ya kushoto haikuonekana. Tuliitafuta kwa mizunguko, yeye chini, mimi juu, mpaka jua likawa juu ya kichwa. Nikaanza kuwaza mbwa mwitu, nikaanza kuwaza miamba. Ludomir akaita kwamba anapumzika, goti limemshinda. Nikamkuta amekaa kwenye gogo, ameshikilia goti la kulia kwa mikono miwili, uso umekunjamana, anatazama mbinguni.

Namjua Ludomir miaka thelathini na mbili. Goti lake bovu ni la kushoto.

Nikatazama asipotazama. Nyuma ya gogo, karibu na kisigino chake, kile kidole kilikuwa kimetoka kwenye majani makavu na kinamwita mtu. Kwa sheria yetu, anayeiona wa kwanza na kutamka ndiye mwenyewe, hata kama nusu ya jozi iko mgongoni kwa mwingine. Alikuwa ameiona. Hakutamka.

"Inuka, shemeji," nikamwambia. "Utapata baridi ya matako."

Akainuka. Nikaitamka. Nilipoinama kuichukua, majani yakachakarika mahali karibu, na tukanyanyua vichwa pamoja.

Askofu alikuwa amelala ndani ya misonobari, umbali wa mtu kumsalimu mwenzake ng'ambo ya barabara. Akasimama, miguu ya nyuma kwanza, kizee. Kichwa kilikuwa kitupu, vidonda viwili vikavu juu ya macho, masikio makubwa kuliko nilivyowahi kuyaona kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuyafunika. Alikuwa mwembamba. Alitutazama, akaona ni watu wawili tu walioshika pembe zake, akageuka. Hakukimbia. Alitembea.

Ludomir alishikilia kofia mkononi mpaka alipotoweka.

20 Machi

Kulia, kilo nne na gramu mia tisa. Kushoto, nne na mia nane na hamsini. Jozi ya kumi, na nzito kupita zote. Kwa watu tumesema nimepata ya kulia tu, huko mpakani. Ya kushoto, ambayo kijiji kinaamini iko kwa Ksawery, imelala chini ya kitanda changu.

Ludomir ameingia karakana kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Amekagua jiliwa zote tatu. Amesema moja imekaa kombo. Ni kweli.

29 Machi

Jumapili ya Matawi. Mvua.

7 Aprili

Pasaka imepita, jogoo ameliwa, alikuwa mgumu hadi mwisho.

Leo mchana Ksawery amebisha hodi. Peke yake, kwa miguu, gunia begani. Akakaribishwa, akakaa, akaitoa ile pembe akaiweka juu ya meza ya kazi. Akasema amesikia nina ya kulia, na jozi haitenganishwi, kwa hiyo amenifikiria mimi kabla ya wanunuzi wa mjini. Zloti mia nane.

Nilikuwa na majibu mengi. Nikachagua la kweli, kwa sababu mnunuzi anayesema kweli hakuna anayemwamini.

"Mia mbili," nikasema. "Hii ni ya mwaka jana."

"Najua," akasema Ksawery. "Ndiyo maana ni mia nane."

Tukatazamana. Ludomir, aliyekuwa kwenye jiliwa ya kombo, akaacha kupiga msasa.

Ksawery akaeleza bila kupandisha sauti. Mama yake aliiweka juu ya jiko ipate joto, nyumba nzima ikanuka nta. Damu ikabanduka kama rangi ya bei rahisi, na chini yake kitako ni cheupe kama sahani. Kufikia hapo alikuwa ameshachimba Magura wiki mbili, kwa koleo, mpaka kigongoni. Wanunuzi wa mjini hawanusi, alisema, wanapima tu. Lakini yeye alitaka kuuza mahali ambapo bei inaeleweka.

Nikapiga hesabu. Akisema kijijini, atachekwa yeye mpaka azeeke. Nikisema mimi, hila imekufa, na sijui baridi ijayo nani mwingine atanunua injini. Kila mmoja ameshika mdomo wa mwenzake. Na ule msumari umekaa mtupu tangu Februari.

Nikasema mia nne. Akasema mia saba na petroli. Nikamwuliza petroli ya nani. Tukakutana mia tano, na supu, kwa sababu alikuwa anaitazama sufuria. Alikula bakuli mbili bila kuzungumza, kama mtu anayechimba.

Mlangoni alisimama, anaifunga ile kamba ya gunia ambalo halikuwa na kitu tena. Akauliza ni lazima kweli iwe siku ya Yosefu. Nikamwambia ndiyo. Akauliza huwa natoka saa ngapi.

"Ukiniona natoka," nikamwambia, "umeshachelewa."